Si Kila Ua la Manjano ni Alizeti

Imezoeleka sasa, katika daftari za shule, katika vijikaratasi vya kilimo na hata katika tasnifu zinazoletwa mbele yetu chuoni, kuliita kila ua la manjano lisilopandwa na mtu jina moja tu: alizeti pori. Msafiri atokaye Mbalizi kwenda Tunduma, mvua zinapokwisha mwezi wa Aprili au Mei, hupita mahali pengi katikati ya kuta mbili za manjano. Akiuliza ni kitu gani hicho, hujibiwa kwa maneno hayo mawili na shauri likaisha. Mimi sikubali kwamba shauri limekwisha. Nadai kwamba jina hilo ni la uongo mara mbili, kwamba limeimeza mimea ambayo haifanani kwa asili wala kwa tabia, na kwamba lawama ya jambo hili haimwangukii mkulima wa Mbozi au wa Ileje, bali inawaangukia watu wa kazi yangu, yaani watunga kamusi na walimu wa Kiswahili.

Uongo wa kwanza umo katika neno alizeti. Wazungu walipoutazama mmea wa shambani waliona jua. Waingereza wakauita ua la jua, na Linnaeus mwaka 1753 akauandika Helianthus, ambalo ni neno lile lile katika vazi la Kigiriki. Waswahili hawakutazama jua. Walitazama chungu cha jikoni. Alizeti ni neno lenye mizizi katika Kiarabu, nalo maana yake ya asili ni mafuta. Ni ndugu wa neno lililotuletea mzeituni. Kwetu basi alizeti ni mmea unaokamuliwa. Ni nani aliyepata kukamua mafuta katika ua la kando ya njia ya Tunduma? Hakuna. Jina hilo halikutoka katika macho ya Mswahili wala katika jiko lake. Lilitoka katika Kiingereza, ambacho huliita ua hilo ua la jua la Meksiko, likatafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka. Sura ikachukuliwa, maana ikaachwa.

Uongo wa pili umo katika neno pori. Mmea wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Tithonia diversifolia, ni mgeni kwetu. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kwa ajili ya pambo na ua wa kuzungukia boma, ukapenda mahali, ukazaa, ukatoroka. Makao yake ni kando ya barabara, kwenye mipaka ya mashamba, katika viwanja vilivyoachwa, kando ya reli na nyuma ya nyumba, popote ambapo jembe au tingatinga limeisumbua ardhi. Anayetaka kuukosa na aingie porini. Kuuita wa pori mmea ambao riziki yake yote ni kumfuata binadamu ni sawa na kumwita panya wa ghalani mnyama wa mbugani.

Jina la Kilatini nalo lina kisa chake, na nakitaja kwa sababu kinachekesha kidogo. Tithonus, katika ngano za Wayunani, alikuwa kijana aliyependwa na malkia wa alfajiri. Malkia akamwombea uzima usio na mwisho, akasahau kumwombea ujana. Yule maskini akazeeka, akazeeka, wala asife. Sijui kama mpaji wa jina alifikiria hivyo, lakini mtu yeyote aliyewahi kuufyeka mmea huu katika shamba la kahawa, akaona mwaka wa pili umechipua tena katika kisiki kile kile, atakubali kwamba jina si baya.

Sasa msomaji ataniuliza: utautambuaje? Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, maana wale wanaosema kwamba maua haya hayatenganiki aghalabu hawajapata kuyashika. Titonia ni mmea wa kudumu, mrefu kuliko mtu, wa mita mbili au tatu na wakati mwingine zaidi. Majani yake hupishana kwenye shina, na yale makubwa hukatika kwa mapengo yakawa kama vidole vitatu au vitano; hiyo ndiyo maana ya diversifolia, yenye majani ya namna mbalimbali. Ua ni kubwa, lasimama peke yake juu ya kikonyo kirefu. Lakini alama isiyodanganya haipo katika ua. Ipo chini yake tu, mahali kikonyo kinapokutana na kitako cha ua: hapo kikonyo huvimba kama shingo ya buyu, na ukikipasua utakikuta kitupu ndani. Mtoto wa darasa la tatu aweza kufundishwa alama hiyo kwa dakika moja, naye hataisahau. Tena litafune jani: uchungu wake hukaa ulimini muda mrefu. Magharibi ya Kenya wakulima Wajaluo huyaita maua makech, na makech kwao ni machungu. Hao hawakungoja kamusi.

Karibu na titonia, katika nyasi na vichaka vya uwanda ule ule, huota mmea mwingine wa kudumu wenye ua la manjano, nao ni mwenyeji halisi: Aspilia mossambicensis. Ua lake ni dogo. Majani yake hayapishani, bali husimama mawili mawili yakikabiliana, hayana vidole, yana mishipa mitatu iliyo wazi kutoka katika kitako cha jani, na ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Nasema msasa kwa makusudi, maana neno hilo kabla ya kuwa jina la karatasi ya seremala lilikuwa jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Huko nyuma Kiswahili kilijua kuupa mmea jina kwa kazi ya jani lake.

Juu ya Aspilia kuna habari moja iliyotangazwa dunia nzima, na ilianzia nchini mwetu. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida walichapisha makala juu ya sokwe wa Gombe na Mahale, mwambao wa Tanganyika. Waliona kwamba sokwe hawayatafuni majani ya Aspilia. Huyachuma moja moja, huyakunja kwa ulimi, huyameza mazima. Kwanza wataalamu walidhani kwamba ndani ya majani mna dawa kali ya sumu ya vijidudu. Baadaye, katika miaka ya 1990, Michael Huffman na wenzake walionyesha kwamba kazi hasa hufanywa na ule ukali wa ngozi ya jani: jani linalokwaruza hupita tumboni bila ya kusagika na kutoka na minyoo. Mnyama mgonjwa, basi, huchagua jani kwa kulipapasa. Naye msomi mwenye shahada, akiwa na macho, vidole na maktaba, hutuandikia kwamba yote ni alizeti pori.

Mmea wa tatu ndio unaonitia uchungu kuliko yote. Ni Guizotia scabra, wa kudumu pia, ambao huota katika nyasi za nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na kuteremka mpaka kusini. Majani yake hayana vikonyo, hukaa yameikumbatia nusu ya shina. Miale ya ua aghalabu ni minane, kila mmoja una meno matatu kwenye ncha. Mbegu ni nyeusi zenye kung’aa, hazina miiba wala manyoya. Ndugu yake wa damu ni Guizotia abyssinica, ambayo Wahabeshi huiita nug na wameilima tangu zamani za kale kwa ajili ya mafuta ya kula. Angalia basi mzaha wa jambo hili. Katika maua yote ya manjano ya nyanda hizi, lile ambalo lingeweza kudai jina la alizeti kwa haki, kwa kuwa udugu wake ni udugu wa mafuta, ndilo lisilopewa jina lolote katika Kiswahili sanifu. Na lile lisilo na hata tone la mafuta jikoni ndilo lililovishwa taji.

Ya nne ni jamii ya Bidens, na hapa nitapita upesi, kwa kuwa watu wa kawaida wamekwisha kuifanya kazi. Mbegu zake zina miiba yenye kulabu ambayo hujishona katika suruali na kanga, na mmoja katika jamii hiyo umeitwa kishona nguo. Laiti kila mtunga kamusi angekuwa na ufundi wa mtu yule asiyejulikana aliyelitoa jina hilo!

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa mimea, nasi watu wa fasihi tunajitia shughuli zisizotuhusu. Nawajibu kwa habari za jembe. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi na wakulima magharibi ya Kenya waliyapima majani mabichi ya titonia, na wastani uliochapishwa mwaka 2000 ni huu: katika majani yaliyokaushwa naitrojeni ni asilimia 3.5 hivi, fosforasi asilimia 0.37, potasiamu asilimia 4.1. Hiyo ni mbolea. Mmea huu hauna vinundu vya kunasa naitrojeni hewani kama maharage. Hukusanya chakula katika ardhi uliposimama, na mkulima akiukata ukingoni akaufukia shambani huwa amehamisha mali kutoka njiani kuileta kwenye mahindi. Kazi ni nzito, kwa maana kipimo kilichojaribiwa ni kama tani tano za majani makavu kwa hekta moja, na majani mabichi ya kutoa tani hizo ni mzigo mara nyingi zaidi. Mtu asiyeweza kununua mfuko wa mbolea ya dukani hukubali kuitoa nguvu hiyo. Lakini akiambiwa akate alizeti pori, naye akajaza tenga kwa Aspilia na Guizotia zilizo karibu na mlango wake, atakuwa ametoa jasho lile lile bila ya kuahidiwa na mtu yeyote kipimo kile cha chakula cha mazao. Nani atamrudishia siku zake?

Kuna na upande wa pili. Titonia huhesabiwa miongoni mwa mimea vamizi. Hujisonga, huzuia nuru, na chini yake nyasi na maua ya asili hayapati nafasi. Basi huyu huja akasema, kateni alizeti pori kwa mbolea. Yule huja akasema, ng’oeni alizeti pori maana ni adui. Mkulima aliye mtii atang’oa nini? Atang’oa ua la manjano analoliona kwanza, na huenda likawa ni la mwenyeji. Nimekishika mkononi kijikaratasi, ambacho ofisi yake sitaitaja, kilichokuwa na maelezo ya titonia na picha ya Aspilia. Kila neno lilikuwa limesahihishwa kwa uangalifu, hata nukta na mikato. Wala hakuna aliyetazama jani.

Sisemi habari za dawa kwa kirefu. Yatosha kujua kwamba watu wa nchi nyingi hunywa maji ya titonia kwa homa, na kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwa panya, ulionyesha madhara katika figo na ini. Majani ya jamii ya Aspilia nayo hutumiwa na waganga wa mahali mbalimbali barani kwa vidonda. Mimea miwili, hatari mbili tofauti, jina moja.

Hoja ya wapinzani iliyo na nguvu zaidi ni nyingine, nami sitaikwepa. Husema: hata huko Marekani, kwenye asili ya alizeti zote, mabingwa wenyewe hushindwa. Ni kweli kwa sehemu. Jamii ya Helianthus ina aina zipatazo hamsini, zote za Amerika ya Kaskazini. Zile za msimu mmoja si ngumu sana, lakini zile za kudumu ni mtihani. Huzaana zenyewe kwa zenyewe, watoto wakawa si wa huyu wala wa yule. Nyingine zimeongeza kromosomu zake mara mbili au mara tatu: alizeti ya shambani ina 34, na Helianthus tuberosus, ile yenye viazi vinavyoliwa, ina 102. Charles Heiser wa chuo kikuu cha Indiana alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kuzipambanua, akatoa pamoja na wenzake kitabu chao kikuu mwaka 1969. Alifanyaje? Alichimba mizizi aone kama kuna viazi au nyuzi tu, alitazama kama majani yana vikonyo au hayana, kama yanakabiliana au yanapishana, alipapasa shina, alipanda, akazalisha, akahesabu. Ugumu haukumfanya aseme kwamba zote ni moja. Na kwetu hakuna hata ugumu huo. Titonia, Aspilia, Guizotia na Bidens si aina za jamii moja zinazochanganya damu. Ni jamii nne mbali mbali, ambazo hutenganika kwa vidole katika giza.

Na wanaotaka tufuate majina ya Waingereza wakumbuke kwamba ile Helianthus yenye viazi Waingereza huiita artichoki ya Yerusalemu, na haikutoka Yerusalemu wala si artichoki. Uongo mara mbili kama wetu. Wao wamezoea kosa lao, nalo ni lao. Sisi tuna haja gani ya kuagiza makosa kutoka ng’ambo?

Nilisema lawama ni ya watunga kamusi, na sasa nilipe deni la neno hilo. Anayefungua kamusi zetu, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi zilizofuata, hukutana tena na tena na maelezo kama aina ya mti, aina ya ndege, aina ya samaki. Hayo si maelezo. Ni njia ya adabu ya kusema: sikwenda kutazama. Hapa mpakani Tunduma, kwenye kituo cha pamoja cha Tanzania na Zambia kilichozinduliwa mwaka 2019, dereva wa lori akimwambia ofisa wa forodha kwamba amebeba aina ya mzigo, atalala hapo. Ataulizwa mbegu au mafuta, mafuta ghafi au yaliyosafishwa, kiasi gani, ya nani. Forodha inadai usahihi kwa ajili ya kodi. Kamusi inadai nini?

Wala mtu asinitajie umaskini wa lugha. Lugha iliyotenga kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi katika tunda moja la mnazi si maskini. Lugha iliyotenga mpunga, mchele na wali haikosi makini. Mvuvi wa Unguja hasemi samaki wa rangi. Atakwambia changu, tewa, kolekole, nguru, jodari, na ukikosea atakucheka. Tofauti ni hii tu, kwamba walioweka msingi wa lugha sanifu tangu mwaka 1930 walichagua Kiunguja, wakaandika yale ya pwani. Na lugha ilipopanda milima mpaka Mbozi na Momba ilikuta mimea ambayo haikuwamo katika begi lake. Badala ya kuuliza wenyeji, ikaongeza neno pori au mwitu nyuma ya jina la zamani ikaendelea na safari. Siyalaumu maneno hayo kila mahali. Bangi mwitu imekaa vyema, kwa kuwa kila mtu anaijua na haimchanganyi mtu. Nalaumu pale pori linapotumiwa kama kapu la taka.

Wenyeji wanayo maarifa. Mama mmoja mkulima wa karibu na Mlowo, nilipomwamkia na kumwonyesha mashada mawili, alinijibu kwa Kiswahili kwanza kwamba yote ni alizeti pori. Nikamwuliza, “Mama, na kwa Kinyiha?” Akacheka. “Ee mwanangu, kwa Kinyiha utayaitaje kitu kimoja? Hili linakwaruza mkono, lile linakaa ulimini.” Akanitajia majina mawili. Sitayachapa hapa, maana shahidi mmoja hatoshi kwa kamusi, na jina la kijiji kimoja huenda likawa si la kijiji cha pili. Lakini nataka msomaji aone vizuri jambo lililotokea. Mama yule alipokuwa akisema lugha yake alikuwa mjuzi. Alipoingia katika Kiswahili chetu alilazimika kuwa mjinga, kwa kuwa hakuna kiti alichowekewa.

Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kilambya, Kibungu: hizi ndizo lugha za Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016, na Kinyamwanga huvuka mpaka kama ua lenyewe linavyovuka, kikasemwa Tunduma na Nakonde. Nataka vyuo vyetu vipeleke wanafunzi huko mwezi wa Mei, wawili wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa mimea, wakiwa na karatasi za kukaushia maua na daftari. Waulize katika vijiji visivyopungua kumi kwa kila lugha. Jina litakaloonekana kukubaliwa na wengi lipewe kiti katika Kiswahili sanifu, kama yalivyopewa kiti maneno ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza, ambayo hayakuulizwa cheti cha kuzaliwa pwani. Gharama yake haifiki ya warsha moja ya hotelini.

Wakati kazi hiyo inangojwa, maelezo yaweza kuandikwa leo, na mahali pa jina pakaachwa wazi. Mimi nimeandika hivi kwa kamusi yoyote itakayokubali:

……… : mmea wa kudumu wa nyanda za juu, mwenyeji, majani yasiyo na vikonyo, yanayoikumbatia nusu ya shina, ua la manjano, miale aghalabu minane yenye meno matatu, mbegu nyeusi za kung’aa, ndugu wa nug ya Wahabeshi.

……… : mmea wa kudumu, mwenyeji, majani mawili mawili, yenye mishipa mitatu, ya kukwaruza kama msasa, ua dogo la manjano, majani yake humezwa mazima na sokwe.

……… : mmea wa kudumu, mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, mrefu kuliko mtu, majani ya vidole, machungu, yafaayo kwa mbolea, ua kubwa la manjano juu ya kikonyo kilichovimba na kilicho kitupu ndani, huota kando ya njia na mashamba, si porini.